Mkojo wa Kuazima

Mkojo ulikuwa wangu. Niseme mapema, maana mtaani kila mtu anakisimulia kisa hiki na wengi wanaongeza chumvi.

Niliutia kwenye kichupa asubuhi, kabla ya chai, nikampa dada yangu, msusi, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Miguu ilikuwa imemvimba hata ndara hazimwingii, na kichwa kilimuuma siku ya tatu mfululizo. Wateja wake saluni walisema mimba ndivyo zilivyo. Yeye alijua sivyo. Mimba ya kwanza ilianza hivyo hivyo: wakamlaza, na baada ya siku mbili akarudi nyumbani mikono mitupu. Aliapa hatalala tena kwenye wodi ile.

"Wakiona protini kwenye mkojo watanilaza," aliniambia. "Nisaidie, mdogo wangu."

Damu nzito kuliko maji, nikamsaidia. Mjinga mimi.

Nikamsindikiza kliniki, lakini hatukumhesabu mpimaji. Kliniki nzima humwita Bi Hapana: mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi, miaka ishirini na miwili ndani ya maabara yenye upana wa kitanda. Akiambiwa vijiti vya kupimia vimepitwa na muda lakini avitumie tu, husema hapana. Walimhamisha mara tatu. Mara tatu hakuondoka.

Dada aliumimina mkojo kwenye kikopo akiwa chooni, akakipitisha kwenye dirisha la maabara. Bi Hapana alikishika kiganjani, wala hakuchovya kijiti.

"Wa nani huu?"

"Wangu, mama. Wa sasa hivi."

"Wa sasa hivi una joto, mwanangu. Huu umepoa kama chai ya juzi. Nenda kaniletee wako."

Muuguzi mkuu akatoka na uso uliokunjamana. "Foleni imefika getini, bibi. Pima, andika, twende."

"Hapana."

Akafunga dirisha, akatoka, akamshika dada mkono hadi mlango wa choo, akasimama pale. Dada alimtukana. Mimi nilimwita mchawi, mbele za watu, kwa sauti kubwa.

"Nitukaneni mpaka mchoke," alisema. "Jina lake siliandiki kwenye mkojo wa mtu mwingine."

"Wodi ile ilimuua mwanangu!" dada alilia.

Bi Hapana akamgeukia. "Kichwa kilikuuma siku ngapi kabla hujaja, safari ile?"

"Wiki mbili."

"Basi si wodi. Ulifika umechelewa, na hukujua. Leo unajua. Ingia."

Dada aliingia huku analia. Kijiti kilipochovywa kwenye mkojo wake kiligeuka kijani kibichi. Alama tatu za kujumlisha: protini tele. Presha ilipopimwa, muuguzi mkuu yule yule akaanza kukimbia. Kilikuwa kifafa cha mimba kinabisha hodi. Wakamchoma sindano, gari likampeleka hospitali kubwa, na kesho yake akapasuliwa. Mtoto wa kike, kilo mbili kasorobo, analia kama anadai haki.

Mngedhani Bi Hapana alipongezwa. Thubutu! Muuguzi mkuu alimshtaki kwa kuacha kazi na kumdhalilisha mgonjwa. Baada ya wiki tano tukaitwa ofisini kwa mganga mkuu, dada akiwa ndiye aliyedhalilishwa, mtoto yuko kwenye titi.

"Omba radhi, yaishe," mganga alimwambia Bi Hapana.

"Hapana."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Andika. Na uandike kwamba akija mwingine nitafanya vile vile."

Dada alisimama. "Akiomba radhi, mimi sitaipokea. Amenikosea nini? Huyu mtoto mnamwona?"

Mganga alikuna kichwa, kisha akauliza mkojo ule ulikuwa wa nani. Nikainua mkono. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Bi Hapana alinitazama juu ya miwani, mara ya kwanza tangu siku ile nilipomwita mchawi.

"Niliupima baadaye," alisema. "Msafi kabisa, hauna hata doa la protini. Ndio ungemzika dada yako."