Mama Rangi na Kona Iliyomwangusha Mumewe

Saa mbili asubuhi, wenzake karakanani wakianza tu kupiga msasa, Mama Rangi anavuta pazia zito, anazima taa na kuwasha balbu moja. Mbele ya balbu kuna vichujio viwili vya mwanga. Katikati ya vichujio hivyo ananing'iniza kipande cha plastiki angavu kisichozidi kiganja, kisha anakichungulia.

Cheusi tii. Anatabasamu.

"Kizima," anasema. "Hakina neno moyoni."

Anakitundikia mawe ya mizani, kilo mbili, kisha tano, kisha saba. Weusi unatoweka na rangi zinajaa: njano, nyekundu, kijani, mstari baada ya mstari.

"Mistari inaposongamana ndipo panapoumia," anaeleza, kidole hewani. "Na panapoumia sana ndipo patakapopasuka."

Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na miwili hangoji ufa. Anautafuta kabla haujazaliwa. Kwa miaka kumi na tisa amefanya kazi hii katika karakana ya miguu ya bandia. Kila kiungio kipya cha chuma huanzia kwake. Anakata umbo lilelile kwa plastiki, analibebesha mzigo, anasoma rangi.

"Chuma kina kiburi," anatania. "Kinaumia kimyakimya, hata jirani hajui, mpaka siku kinapokatika."

Mwaka jana kilikatika, na aliyekuwa juu yake ni mumewe.

Mumewe ni fundi cherehani, na watu humwita Fundi tu. Alipoteza mguu wa kushoto ajalini akiwa kijana, na tangu hapo hutembelea miguu inayotoka karakana hii. Wanaishi ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na sita kutoka chini, na huko chini ndiko Fundi alikokuwa na kibanda chake cha kushonea na wateja wa kupiga nao soga kutwa. Siku hiyo, akiwa ngazi ya ishirini, kiungio kati ya muundi na wayo kilikatika. Akaporomoka, akavunjika mkono.

Kiungio hicho kilipimwa na mkewe.

"Nilikata plastiki Ijumaa mchana," anasimulia, sauti ikishuka. "Mume wangu alikuwa na homa, nikawahi nyumbani. Nikaipima Jumatatu."

Hapo ndipo penye kosa. Plastiki hii ikishakatwa hunywa unyevu wa hewani kupitia kingo zake, na unyevu huo huchora mistari yake wenyewe. Kwa hiyo hupimwa siku ileile. Mama Rangi alijua, lakini Jumatatu ile alikuwa na haraka, hakukichungulia kipande kwanza bila mawe. Aliona mistari imejaa ukingoni, akawaambia mafundi waongeze unene pale. Kona kali ya ndani, iliyokuwa ikiumia kwelikweli, ikaachwa ilivyo.

Baada ya ajali alikitoa kipande kile kabatini, akakitazama bila jiwe hata moja. Kilikuwa na rangi.

"Nililia humu humu gizani," anasema.

Alimweleza mkuu wa karakana siku hiyo hiyo. Viungio vyote vya aina hiyo vikarudishwa kabla hakijakatika kingine. Kumwambia mumewe ndiko kulikomchukua wiki nzima.

"Nikamwambia, baba watoto, ni mimi niliyekuangusha. Akasema, 'Mke wangu, mimi nimeshamkatia mtu suruali mguu mmoja mfupi. Alirudi, nikashona upya. Na wewe shona upya.'"

Akashona upya. Alikata umbo jipya, kona ya ndani ikiviringishwa, akalipima kabla plastiki haijapoa vizuri mkononi. Mistari ikatawanyika. Mashine ikakikanyaga kiungio kipya cha chuma mara milioni moja, na hakikupata hata ufa.

Lakini Fundi hakushuka. Mkono ulipona, mguu mpya ukafungwa, naye akawa anazunguka sebuleni tu. Kusamehe alisamehe, ngazi ndizo alizoziogopa. Kwa miezi mitano cherehani imekuwa dirishani, naye anaitikia salamu za watu walio chini kwa kupunga mkono.

"Hilo ndilo linaloniuma," anasema mkewe. "Mtu wa watu yule."

Wiki iliyopita aliomba ruhusa, akabeba vichujio vyake, taa ndogo na vipande viwili, cha zamani na kipya, akavipanga kwenye meza ya kulia. Fundi akavaa miwani. Akakiminya cha zamani, akaona rangi zikibanana konani. Akakiminya kipya. Akarudia mara nne.

"Kumbe ni mshono tu," hatimaye akasema. "Kona kali huchanika. Sisi kwapani tunaviringisha tangu enzi. Ungeniuliza!"

Mama Rangi anacheka akikumbuka, huku akijifuta macho kwa ncha ya koti la kazi. Usiku ule, anasema, ni Fundi mwenyewe aliyeuliza watashuka lini.

"Nikamwambia Jumamosi hii inayokuja. Mimi nitatangulia, ngazi moja mbele yake, mpaka chini. Akasema, 'Wewe nawe! Ukiwa mbele, nikiteleza si nitakuangukia wewe?'"

Anafungua pazia, mchana unaingia.

"Nikamwambia, ndiyo. Uniangukie mimi."