Nilimfunga mkwe wangu drafti, Makambako nzima ikaona

Kamwene wakuu, na wajukuu zangu mnaopita kimyakimya.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, nivumilieni. Haya yametokea kwangu hapa Njombe na kwa mkwe wangu Makambako, sijatia chumvi.

Niwataje kwanza waliokuwepo kwangu siku nilipoletewa habari, maana mimi majina hayanipotei. Alikuwepo Tumaini, binti yangu wa tatu, kaja na Coaster ya asubuhi kutoka Makambako. Alikuwepo wifi yangu Yustina, dada wa marehemu mume wangu, kateremka kutoka Matembwe na viazi vya sherehe. Na mimi.

Ambaye hakuwepo ni Festo, mume wa Tumaini. Yeye ndiye mwenye kisa.

Sherehe yenyewe ni kipaimara cha Debora, binti yao. Ilikuwa ifanyike kwangu Jumapili inayofuata.

Sasa mimi ni mtu wa drafti. Marehemu alinifundisha Lupembe, siku za mvua tukisubiri lori la majani ya chai. Shule nimeishia la nne, lakini kwenye kete wa kunisumbua ni wachache. Hata hapa mkiniletea ubao mtaniambia.

Nilipopata simu ya smart, nikatafuta drafti. Unacheza na mtu usiyemwona, kila mmoja na jina lake la kujificha. Mimi Chai Kavu.

Kuna mmoja akawa mteja wangu kila jioni. Mbao Ngumu. Mbishi huyo! Anafungwa, anarudi.

Nikimmaliza napiga screenshot, naiweka kwenye ukurasa wangu wenye jina langu kamili na picha yangu ya kitenge. Naandika, “Mbao Ngumu leo nimeiranda, yamebaki maranda.” Yustina anacheka kule Matembwe, na mimi huku nacheka.

Nilidhani wanaoona ni wa kwangu tu.

Siku hiyo Tumaini kaingia, hata chai hajaonja.

“Mama, huyo Mbao Ngumu unamjua?”

“Si mteja wangu yule?”

“Mama, ni Baba Debora.”

Wakuu, nilikaa chini.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawataniani. Festo akija namsalimia macho chini, chakula anapelekewa sebuleni, mimi nabaki jikoni. Tangu amuoe Tumaini hatujawahi kucheka chumba kimoja. Na huyo ndiye nimemwita maranda.

Festo anauza mbao. Jirani yake wa biashara, Gadi, analijua jina lake la drafti. Kakutana na posti yangu, sura yangu kaikumbuka kutoka harusini, kaisoma kwa sauti pale kwenye mbao. Tangu hapo mteja akipita wanamwelekeza, “Nenda kwa Maranda, yule anayefungwa na mama mkwe wake.”

Festo akasema Jumapili hakanyagi kwangu. Mtoto apate kipaimara, baba hayupo?

Yustina akadakia, “Wifi, umemvua nguo mkweo hadharani.”

“Nimemvua nini! Angetaja jina lake ningemfunga kwa adabu.”

Tumaini akacheka, halafu akalia. Hapo ndipo nikaona uzito.

Nikamwambia nionyeshe mlango ulipo wazi. Akanionyesha chini ya jina langu, kwenye kila posti, kuna kidunia kidogo kimechorwa. Mimi nilijua ni urembo. Kumbe maana yake kila mtu anaona: wa Igwachanya, wa Dar, na Gadi.

Ukikigusa unachagua: kila mtu, marafiki, watu fulani, au mimi tu. Nikachagua watu fulani, nikawataja mwenyewe.

Zingatieni hapa. Nilipobadilisha, zilizotii ni posti mpya tu. Za zamani zilibaki wazi, tukazifuata moja moja huku tukimenya viazi. Zile za maranda nikazifuta kabisa.

Kumwomba radhi mwenyewe siwezi, si utaratibu. Nikamtuma Yustina Makambako na jogoo, aseme sikumjua, na akina Gadi hawaoni tena. Festo kampokea jogoo.

Jioni ile simu ikalia. Mbao Ngumu anaomba mchezo.

Nikikubali, nimemkosea adabu tena. Nikikataa, nimemfukuza. Nikakubali.

Tukacheza. Nikajisahau upande wa kushoto, akala kingi wangu, nikabanwa. Kanifunga mkwe wangu, kihalali kabisa.

Kesho yake Tumaini kapiga simu. “Mama, Baba Debora ana ombi, anaona aibu kusema. Mchezo wa jana uuweke. Na huo mmoja, urudishe kwenye kidunia.”

Nikauweka, wazi kwa kila mtu: “Leo Mbao Ngumu amenifunga, nimekubali.” Gadi alikuwa wa kwanza kuweka like.

Jumapili Festo alikuja na suti. Tukasalimiana macho chini, akapelekewa chakula sebuleni. Niko jikoni napakua wali, simu ikatetemeka kwenye kitenge. Anataka marudiano.

Nilichojifunza: kutamba ni haki yako ukishinda, ila kabla hujabonyeza tazama nani anakusikia. Chagua watu wako kwa majina.

Wenye wakwe humu, ninyi posti zenu za magemu anaziona nani? Semeni. Na Tumaini na Yustina, najua mnasoma. Kama kuna jina nimelikosea, au jogoo alikuwa tetea, nisahihisheni hapahapa.