Mjusi wa Bwana Siyo

Pale kwenye jumba la makumbusho aliitwa Bwana Siyo, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Ukimpelekea mjusi ukidhani umegundua aina mpya, alimshika kwa koleo ndogo, akamwinamia na lenzi yake, akakohoa kidogo ili moyo wako upate muda wa kupaa, kisha akasema, "Siyo." Halafu akarudia chai yake. Wengine walitoka chumbani mwake wakilia, naye aliamini ni spiriti ya kuhifadhia mijusi chupani inayowaumiza macho.

Miaka yote hiyo ya kuwanyang'anya wenzake mijusi, yeye mwenyewe hakuwa na hata mmoja. Katika kazi ile, anayetangulia kuieleza aina mpya na kuichapisha ndiye mwenyewe, na jina lake hukaa nyuma ya jina la mnyama mpaka kiama. Vijana aliowafundisha walikuwa na mijusi, walikuwa na vyura, mmoja hata alikuwa na nyoka. Bwana Siyo alikuwa na kiti cha kuzunguka, na kustaafu kulikuwa mlangoni. Mke wake, mwenye ulimi usiohitaji kunolewa, alikuwa akimwekea chakula huku akimwuliza huyu ni mkunga gani, kazi yake kuwaambia watu mimba zao ni gesi, na mwenyewe hajazaa.

Basi fikiria furaha yake mwaka ule wa mwisho alipoingia kwenye pango moja la popo, akatoka na mavi ya popo mpaka kwenye nyusi na mijusi watano ndani ya mfuko. Walikuwa weupe kama waliochovywa kwenye unga, wenye macho makubwa na vidole virefu vyembamba, visivyo na vile vikunjo vya kunatia vinavyomwezesha mjusi kafiri wa nyumbani kutembea darini. Alihesabu magamba ya kidevu, akapima vichwa, akahesabu tena. Aliitafuta siyo yake akaikosa. Siku hiyo aliingia nyumbani akipiga mluzi, mkewe akataka kujua amekunywa nini.

Kilichobaki ni kuwalinganisha na mijusi wote waliomo chupani, asije akambatiza aliyekwisha kubatizwa. Alipitia rafu moja baada ya nyingine bila haraka. Kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya vyura, akakuta chupa yenye mjusi mmoja, na nta ya kifuniko chake haikuwa imevunjwa tangu ilipozibwa.

Aliikumbuka. Zamani alikuwa na mwanafunzi, binti mkimya, aliyechapisha mjusi wa pangoni na kwa mapenzi akampa jina la mwalimu wake. Bwana Siyo alipoiona picha, aliona mkia umemea upya. Mjusi akikatika mkia, unaoota badala yake huja na magamba ya ovyo, na binti alikuwa ameyataja magamba hayo kuwa alama ya aina mpya. Lilikuwa kosa kweli. Basi mbele ya mkutano mzima, Bwana Siyo akatangaza kwamba yeye hahongwi kwa mjusi, na kwamba huyu ni mjusi kafiri aliyeponea chupuchupu kwenye bawaba ya mlango. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Akaandika ukurasa mmoja wa kumfuta mjusi yule kwenye orodha ya aina, na tangu hapo akawaimbia wanafunzi kwamba mkia hudanganya, watazame vidole. Vidole vya mjusi yule yeye hakuvitazama. Chupa hakuifungua. Binti aliomba kazi pale jumbani akanyimwa, maana nani angemwajiri yule wa mkia?

Sasa aliivunja nta. Vidole vilikuwa virefu, vyembamba, bila kikunjo hata kimoja. Alikaa chini sakafuni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na huyu wa kwake alikuwa amelowekwa kwenye spiriti miaka yote akimngoja.

Tusimsingizie wema. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuirudisha chupa nyuma ya vyura. La pili, kwamba atakayerithi kiti chake ataifungua siku moja, na atacheka. La tatu ndilo lililomwinua sakafuni: mjusi alikuwa wa binti, hilo halikuwa na ubishi, kwani aliyetangulia ndiye, hata kama mkia aliuelewa vibaya. Lakini jina la mjusi lilikuwa la nani? Hapo hesabu ikamkalia vizuri. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaanza kujililia machozi kwa uadilifu wake. Mkewe alisikiliza hadithi yote, kisha akauliza jambo moja tu, binti huyo anakula wapi siku hizi. Bwana Siyo hakujua.

Alimtafuta, akamkuta kwenye shule ya sekondari, katika chumba cha walimu, amejaa chaki mikononi. Alimtolea chupa, akamweleza kwamba siku ya kuagwa atalikiri kosa hadharani, mjusi atafufuliwa, naye binti atakuwa mwenyewe milele. Kisha akangoja shukrani. Mwanamke yule aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akavitazama vidole kwa muda mrefu. Alifurahi, wala hakuficha. Lakini furaha ile ilikuwa ya mjusi.

"Nta hii niliiziba mimi, na imevunjwa juzi tu," alisema. "Zamani hukuwahi kuifungua."

"Sikuifungua, mwanangu. Niliangalia mkia."

"Miaka yote hii, Mwalimu, nilidhani ulimtazama."

Hilo lilimchoma, na mtu akichomwa hutafuta pa kujipoza. Akasema kwamba ile heshima ya kumpa mjusi jina lake, kwa kweli, hakuistahili. Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaka abishiwe.

Hakubishiwa. "Kanuni ulinifundisha wewe," alisema mwanamke. "Jina likishachapishwa halibadilishwi, hata aliyelitoa akijuta."

"Ndiyo," alisema Bwana Siyo.

"Lingekuwa linabadilishwa, Mwalimu, ningelibadilisha leo, kabla kengele haijalia."

Kengele ililia. Alichukua chaki zake akaenda darasani, na Bwana Siyo akabaki mezani na mjusi mwenye jina lake.