Lilaki ya Eduards

Ausma hakuwa mtu wa maua. Alikuwa mtu wa ng'ombe, aliyekamua miaka thelathini, na mumewe Eduards alipohangaika na vichaka vyake vya lilaki yeye alimcheka tu. Lilaki zimejaa Latvia nzima, hata nyuma ya vyoo! Lakini moja Eduards aliizalisha mwenyewe, maua yake zambarau iliyokolea yenye ukingo mweupe, akakiunganisha kijiti chake juu ya mzizi wa lilaki ya porini ili kiote hapo. Siku chache kabla ya kufa alimshika mkewe mkono: "Usiiache ife, Ausma. Nyingine kama hii haipo duniani."

Basi mwanamke akashika wosia. Jivu la jikoni, samadi, maji ndoo kwa ndoo na goti lake bovu. Theluji ikikilemea kichaka, anatoka na ufagio kukikung'uta. Kila majira ya kuchipua machipukizi manene yalitoka ardhini, naye akayafurahia kama wajukuu. Shina la zamani lilikuwa limepinda, gome linabanduka, linawazibia wadogo jua. Akalikata. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na nani angemwambia Ausma kwamba wale hawakuwa wana wa Eduards?

Miaka miwili kichaka hakikutoa ua. Akasema ni baridi. Mwaka huu, mwishoni mwa Mei, kikachanua zambarau hafifu, kama zile za kando ya barabara. Akajiambia bado ni kichanga. Siku hiyohiyo alikuwa anamngoja Ilmars, mtaalamu wa miche aliyetaka vijiti vya kuizalisha lilaki ya Eduards isipotee.

Ilmars alipiga magoti, akafukua udongo, akaupapasa mzizi, kisha akamkwepa Ausma macho.

"Sema, mwanangu. Mimi si mtoto."

"Mama, hii yote imetoka kwenye mzizi. Ni ya porini. Ile ya mzee ilikuwa kwenye shina hili lililokatwa. Nani kalikata?"

"Mimi."

"Matawi yake je?"

"Niliyachoma. Nilichemshia maji ya kuoga."

Ilmars akajikuna kisogo. "Hakuna jirani uliyempa? Hata kijiti kimoja kinatosha, mama."

Ausma akageuka. Ng'ambo ya uzio jirani yake Biruta alikuwa anaanika shuka.

"Huyo aliniomba mara tatu. Nikamwambia akapande viazi, maua ya Eduards si ya kila mtu."

"Labda alichukua kwa siri," Ilmars akanong'ona.

Ausma akaukimbilia uzio bila kujali goti lake. "We Biruta! Uliwahi kuniibia lilaki? Niambie tu ukweli, sikasiriki!"

Biruta akaiacha shuka ining'inie upande mmoja. "Nikuibie mimi? Nilikuomba kwa mdomo wangu ukaninyima, basi yakaisha. Unaniita mwizi mbele ya mgeni?"

"Afadhali ungeniibia, mwenzangu," Ausma akasema, akaanza kulia palepale, ameshikilia uzio. "Afadhali ungeniibia."