Uvimbe Uliofichwa Edani

Mjane havuki kizingiti cha nyumba yake mpaka eda ya miezi minne na siku kumi iishe. Ndivyo alivyoamini Shufaa binti Mfaume, na pale kisiwani Maparoni hakuna aliyeilinda kanuni hiyo kwa ukali kama yeye. Dini yenyewe humruhusu mjane kutoka kwenda kutibiwa. Shufaa hakuruhusu.

Miaka michache kabla, jirani yake Zawadi alifiwa na mume, akatoka edani kwenda Kibiti kung'olewa jino. Shufaa ndiye aliyemtangaza kisimani: jino gani hilo, bibi anatafuta mume mwingine. Wanawake wakamsusa Zawadi msimu mzima wa mavuno ya mpunga.

Kisha akafa Sadallah, mume wa Shufaa. Hawakujaliwa mtoto. Watu wa matanga walipotawanyika alibaki na chumba chake na dirisha moja, akisikiliza wenzake wakipita kutoka mashambani. Siku moja akioga alikuta uvimbe katika titi la kushoto, mgumu, mdogo kama korosho. Haukuuma. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Hakumwambia mtu. Wengine walipochoka kumletea chakula, Zawadi aliendelea kuja, na ndiye aliyeona kwamba mwenzake hainui tena mkono wa kushoto. Kwapa lilikuwa limekwisha kuvimba. Akamsihi waondoke na boti ya asubuhi.

"Watasema nimetafuta sababu," Shufaa akajibu.

"Nani atasema? Aliyekuwa akisema ni wewe, shoga."

Hakutoka. Eda ilipokwisha ndipo Zawadi alipomvusha hadi Nyamisati, wakafika Kibiti, na huko wakapewa rufaa ya Dar es Salaam.

Daktari alimweleza bila kumficha. Chembe za saratani ya titi hupimwa alama tatu: vipokezi vya homoni mbili, estrojeni na projesteroni, na protini iitwayo HER2. Penye alama pana dawa ya kuilenga. Chembe zake hazikuwa na hata moja. Aina hiyo huwapata zaidi wanawake ambao bado hawajazeeka, na hukua haraka. Vidonge vya kuzuia homoni haviisaidii kitu. Zilibaki dripu za kemikali na upasuaji, navyo hufaa zaidi uvimbe ukiwa mdogo. Akamuuliza ulikuwa na ukubwa gani alipougundua. Shufaa akaonyesha ncha ya kidole.

"Siku hiyo ndiyo ungekuja, mama," daktari akasema.

Sasa yumo chumbani mle mle, penye dirisha lile lile. Hakuna eda inayomzuia. Ni pumzi tu isiyomfikisha kisimani. Wanawake humsalimu wakiwa njiani, wasisimame. Anayeingia ni Zawadi.

Eda aliitimiza yote. Ilimgharimu titi la kushoto, na saratani imefika mapafuni, ambako madaktari wamemwambia hawataweza kuiondoa.