Picha Mbili za Akinyi

Naikumbuka bado, mwanangu, siku niliyomliza mama mgonjwa ambaye sikuwa nimemtia machoni hata mara moja. Nilimliza kwa picha. Nimeona leo nikusimulie, kwa sababu juzi kwenye harusi ile ya Rangwe nilikuona umewapanga watoto mstari mmoja, unawakaripia watulie, nikajiona mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako.

Wakati huo nilikuwa na kamera ya filamu, na filamu moja ilitoa picha thelathini na sita, basi. Siku za soko nilizunguka Rangwe, Kosele, mpaka huko Lambwe, kamera shingoni na kichana mfukoni. Kwetu picha ilikuwa jambo zito. Mtoto alioga, akapakwa mafuta mpaka miguu ikang'aa, akavishwa nguo za Sabato, kisha mimi nikamwambia asimame wima, mikono mapajani, asicheke, asipepese macho. Nilijivunia sana ujuzi huo. Mtoto akicheka nilihesabu kwamba picha imeharibika.

Ndipo Mama Serafina wa Kosele akaniita. Alikuwa mjane mzee, mkulima wa mtama, akimlea mjukuu wake Akinyi wa miaka sita. Mama yake Akinyi alikuwa amelazwa Homa Bay kwa ugonjwa wa kifua, mwezi wa tatu sasa, na watoto hawakuruhusiwa kuingia wodi ile. Kila siku aliomba aone tu kama mtoto wake yuko salama. Nikampiga Akinyi picha mbele ya shuka jeupe, wima, poda usoni. Ilipooshwa niliiona nzuri kweli.

Haikupita muda, Mama Serafina akanifuata sokoni Rangwe kwa miguu, ile picha ameifunga kwenye leso. Hakupaza sauti. Alinivuta kando ya kibanda cha mkaa, akaniuliza, "Nyathina, mtoto wangu, huyu ni nani umepiga?"

"Ni Akinyi, Mama."

"Huyu si Akinyi. Huyu ni mtoto amefiwa. Mama yake ameangalia hii kitu akalia, akasema tunamficha, mtoto anaumia. Sasa anataka kutoka hospitali kabla dawa iishe. Akitoka, mimi nitazika mtu. Unaelewa?"

Nilielewa. Nilitaka kujitetea kwamba mtoto ndiye aliyenuna. Nashukuru sikusema. Niliitazama picha upya: macho yamemtoka, midomo ameikaza, na woga ule ni mimi niliyemtia.

Kesho yake nilifika Kosele asubuhi, filamu imebaki na picha nne. Nikaanza kukunjua shuka langu. Mama Serafina akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayemwona mjinga lakini bado anampenda.

"Rudisha hiyo shuka," akasema. "Weka hiyo mashine kwa magoti, ukae hapa chini na sisi. Kwanza akuzoee."

Mwanangu, yule mama hakuwahi kushika kamera maishani mwake, na hakuna mpiga picha aliyenifundisha kumzidi. Alianika mtama kwenye mkeka, akampa Akinyi kijiti afukuze kuku, kazi yake ya kila siku, halafu akaendelea kupepeta kana kwamba mimi sipo. Mwanzoni mtoto alinitazama kwa wasiwasi. Baadaye nami nikapewa kijiti. Kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mkaidi kupindukia, tukimfukuza huku anatokea kule. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Nilipoinua kamera mara ya kwanza, Mama Serafina alitikisa kichwa, nami nikaishusha. Alikuwa akiujua uso wa yule mtoto, unakokwenda kabla haujafika. Nilimstaajabia, na mpaka leo namstaajabia.

Kitu kimoja kilinikera. Gauni la Akinyi lilikuwa limechanika begani, nami nikanong'ona kwamba labda abadilishwe.

"Wacha," Mama Serafina akasema. "Hiyo nguo mama yake alishona na mkono yake. Ataijua."

Karibu saa sita, yule jogoo akajipenyeza nyuma yangu, akaanza kula mtama taratibu huku mimi nimekodoa macho upande mwingine, kijiti juu, najiona mlinzi hodari. Akinyi akacheka mpaka akaketi chini, pengo la meno ya mbele wazi, chembe za mtama zimejaa kwenye nywele. Mama Serafina akanitazama tu. Nikapiga.

Picha hiyo ikapelekwa Homa Bay. Miezi ikapita, nikawa sijui imefanya nini, na nilikuwa naogopa kuuliza. Kisha siku moja ya soko mwanamke mwembamba akasimama mbele yangu, akasema yeye ni mama yake Akinyi.

"Kila siku nilikuwa nataka kutoroka," akaniambia. "Halafu naangalia ile picha, naona anacheka, nguo imepasuka vile vile. Nasema, wacha nimalize dawa. Huyu ataningoja."

Akanipa mkono. Nililia palepale sokoni mbele ya wateja, na sioni haya kukuambia.

Sasa simu yako inapiga picha mia kabla sijamaliza kikombe cha chai, na wewe una haraka kama hiyo simu. Ipunguze, mwanangu. Keti chini, macho yako yalingane na ya mtoto. Mwache kwenye mchezo wake au kazi yake ndogo. Muulize anayemlea, maana huyo ndiye anayemjua, hata kama hajui kamera inashikwaje. Usimwamrishe kucheka, ukimwamrisha, atakuonyesha meno tu. Na ukiona nguo imechanika, usiwe mwepesi wa kuona aibu kwa niaba yake. Kuna mtu mahali fulani, amelazwa hospitalini au yuko safarini, atakayeitazama picha hiyo akitafuta jibu la swali moja: mtoto wangu yuko salama?

Mungu akupe subira, ayape macho yako upole, na kila mtoto utakayempiga picha awafikie watu wake akiwa ni yeye.