Kadi Niliyowaazima Watafiti

Dada yangu alipokufa kwa saratani, niliweka programu ya kujitolea kwenye kompyuta ninayotumia kuhariri video za harusi hapa Kibiti, ili kadi ya picha ya mashine hiyo, kile kifaa cha ndani kinachochora video kwenye skrini, iwasaidie watafiti wa ugonjwa huo kupiga hesabu zao. Haukupita muda, video zikaanza kukwamakwama. Nikapangusa vumbi, nikalaumu joto, nikatukana feni. Mama wa bibi harusi, aliyetoka Ruaruke kuja kuangalia kazi, akaniuliza mbona mwanawe anacheza kama aliyepandwa na shetani. Ndipo nilipofungua mipangilio ya ile programu, nikaiamuru itumie kadi pale tu ninapokuwa siitumii mashine. Video zikatulia. Ila nikimaliza kazi naizima mashine, kwani umeme nanunua mwenyewe. Tangu siku ile sijampigia dada yangu hata hesabu moja.